Aliyesema Maneno Haya ni Nani?

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma kabla ya kukutana: Ayubu 8 yote, Ayubu 42:7–10, Yeremia 29:1–14, Matendo 8:26–35. Tafadhali fungua Biblia yako usome mwenyewe. Usitegemee nilivyoeleza mimi hapa.



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mwalimu anayeficha makosa yake huwafundisha watu nusu ya somo.

Jumapili ya kwanza ya Januari 2021 tulikuwa kanisani na barakoa usoni, viti vimeachana, mnakumbuka. Zamu ya kutoa neno la kufungua mwaka ilikuwa yangu. Nikachagua Ayubu 8:7, lile andiko la mwanzo mdogo na mwisho ulioongezeka sana. Nani hapa Busia hajaliona? Liko kwenye kuta za maduka, kwenye vioo vya matatu, kwenye kalenda. Nilihubiri mpaka shati likalowa. Watu wakasimama, wakapiga makofi, wakasema amina.

Baada ya ibada mama mmoja akanijia. Kazi yake ni mahindi: ananunua ng'ambo, upande wa Uganda, anauza huku kwetu. Akaniambia, "Mwalimu, hilo neno la leo ni langu." Nikamjibu, "Lipokee, Mama." Sikumuuliza analipokea kwa jambo gani. Wiki hiyo hiyo akaenda chamani, akakopa mara tatu ya kile alichozoea kukopa, akanunua magunia mengi kuliko siku zote.

Mwezi Machi mwaka huo Kenya ikasimamisha mahindi yote kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilidumu siku chache tu, likaondolewa kwa masharti ya vyeti na vipimo. Lakini kwa mtu wa mtaji mdogo, siku chache ni nyingi. Magunia yake yalikaa mahali pabaya, mvua ikayapata, na yalipokuja kupimwa hayakupita. Deni likabaki, mahindi hayapo.

Sisemi hivi ili mtu aogope biashara. Biashara ina faida na hasara, na aliyeokoka na asiyeokoka wote hunyeshewa na mvua moja. Kilichoniuma mimi ni kilichofuata.

Jioni moja mama huyu akaja nyumbani na Biblia yake. Hakuja kunilaumu. Alikuwa ameamua kusoma sura yote ya nane ili atie moyo nguvu. Na wale mnaomfahamu mnajua kwamba miaka iliyopita alimzika mtoto wake wa kwanza. Akaweka kidole kwenye mstari wa nne, akasema polepole:

"Mwalimu, nisaidie. Mstari wa saba ndio ulinipa Januari. Lakini hapa mstari wa nne huyu mtu anaambiwa watoto wake walikufa kwa sababu walikosa. Kama wa saba ni neno la Mungu kwangu, basi na wa nne ni wangu pia. Mtoto wangu alikosa nini?"

Nikakosa jibu. Akauliza tena, "Aliyesema maneno haya ni nani?"

Wapendwa, sikujua. Nilihubiri andiko hilo karibu saa nzima mbele ya kanisa, na sikujua ni nani aliyelisema.

Mama huyu amenipa ruhusa kuandika habari hii mradi nisitaje jina lake. Somo la leo limetoka kwenye swali lake.

1. BILDADI ALISEMA, NA MUNGU AKAMKATAA

Usiku ule tulirudi mwanzo wa kitabu tukasoma pamoja. Aliyesema maneno ya Ayubu 8 si Mungu. Si nabii. Ni Bildadi, mmoja wa marafiki watatu waliokuja kumwona Ayubu akiwa kwenye majivu. Ayubu alikuwa amepoteza watoto kumi kwa siku moja, upepo mkali ulipoiangusha nyumba juu yao (Ayubu 1:18–19). Naye Bildadi, badala ya kunyamaza na kulia naye, akamweleza hesabu yake: watoto wako walikosa, ndiyo maana wamekufa, wewe ukiwa safi, Mungu atakuinua, na mwanzo wako mdogo utakuwa mwisho mkubwa. Mstari wa nne na wa saba vimetoka katika kinywa kimoja, katika hotuba moja. Huwezi kuchukua kimoja ukakiandika ukutani, ukakificha kile kingine.

Kumbe sisi wasomaji tumeshaambiwa mapema jambo ambalo Bildadi halijui. Katika sura ya kwanza na ya pili Mungu mwenyewe amemshuhudia Ayubu kuwa mtu mkamilifu. Kwa hiyo kila mara marafiki hawa wanapomwambia Ayubu kwamba anaadhibiwa kwa dhambi, msomaji anatakiwa atikise kichwa. Hivyo ndivyo kitabu kilivyopangwa. Na mwishoni, Ayubu 42:7, Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa habari zake. Ayubu ndiye aliyewaombea.

Kuna mtu atasema, "Lakini Mwalimu, si mwisho wa Ayubu uliongezeka kweli?" Ndiyo, sura ya 42 inasema Bwana alimbariki kuliko mwanzo. Lakini alibarikiwa kwa rehema ya Mungu, hakubarikiwa kwa hesabu ya Bildadi. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwenye kushika hesabu ya Bildadi, siku akipata hasara atajihesabu mwenye dhambi, na akifiwa atatafuta kosa la marehemu.

Basi angalia na Ayubu 22:28, ambalo tunalipenda sana kwenye maombi: kwamba utakusudia neno na litathibitika. Aliyesema ni Elifazi. Rudi nyuma mpaka mstari wa 5 hadi wa 9 wa sura hiyo hiyo uone anavyomshtaki Ayubu: ati aliwanyima wenye njaa chakula, ati aliwafukuza wajane mikono mitupu. Yote uongo. Sisemi Mungu hajibu maombi. Anajibu, na tumeyaona kwa macho. Nasema tusimtumie Elifazi kama shahidi, hali Mungu amekwisha kumkatalia ushahidi wake.

Biblia yote ina pumzi ya Mungu. Lakini Biblia hiyo hiyo inatuandikia kwa uaminifu hata maneno ya Farao, ya nyoka, na ya Shetani. Katika Luka 4:9–11 Shetani anamnukulia Bwana Yesu Zaburi ya 91. Bwana hakukana kwamba ni Maandiko. Alimjibu kwa Maandiko mengine, Kumbukumbu la Torati 6:16, kuonyesha kwamba zaburi ile haikuandikwa ili mtu amjaribu Mungu. Hapo tunajifunza kwamba mtu anaweza kushika andiko la kweli akalitumia kwa uongo.

2. SOMA KAMA KARATASI YA MZIGO

Wengi mnajua kazi yangu ya siku za wiki: nashughulikia karatasi za mizigo hapa mpakani. Lori likifika, hakuna anayeangalia sanduku moja tu akasema, "Hili zuri, tulishushe hapa." Tunauliza: nani ametuma? Ametuma kwa nani? Ni mzigo wa aina gani? Umetoka wapi na lini? Na yaliyo mbele na nyuma katika orodha yanasema nini? Ukikosea moja, mzigo wa Kampala utashushwa Busia, na mwenyewe ataachwa akingoja.

Nikajiambia, kwa shehena ya saruji nakuwa makini namna hii, na kwa Neno la Mungu je? Basi nikayachukua maswali hayo hayo matano nikayaweka ndani ya jalada la Biblia yangu:

Nani anasema?
Anamwambia nani?
Ni maandishi ya aina gani?
Ni wapi, na wakati gani?
Mistari ya mbele na nyuma inasema nini?

Maswali haya hayahitaji chuo cha Biblia. Yanahitaji subira, na kusoma sura nzima badala ya mstari mmoja.

3. BARUA ILIYOTUMWA BABELI

Tuyajaribu kwa Yeremia 29:11. Hili ni andiko la kadi za harusi na za kumaliza shule: Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, ni ya amani, yana tumaini ndani yake.

Nani anasema? Hapa ni Bwana mwenyewe kwa kinywa cha Yeremia, kwa hiyo tuko mahali salama. Anamwambia nani? Mstari wa kwanza unajibu: ni barua. Imetoka Yerusalemu kwenda kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia. Hiyo ni mwaka 597 K.K. Watu hawa wako nchi ya ugeni. Wameacha nyumba, hekalu na makaburi ya baba zao.

Mistari ya nyuma inasema nini? Sura ya 28 inatueleza kwamba kulikuwa na nabii aitwaye Hanania, mhubiri mtamu. Alitangaza kwamba katika miaka miwili mambo yatageuka, vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Watu walimpenda. Hakutumwa na Mungu, na akafa mwaka ule ule. Ndipo barua ya Yeremia ikawafikia mateka, nayo inasema kinyume: jengeni nyumba huko, pandeni bustani, oeni na kuzaa, uombeeni amani mji ule mlioko. Na mstari wa 10, ule tunaouruka kila mara, unataja miaka 70.

Hebu fikiria uko pale, una umri wa miaka 35, barua inasomwa. Miaka 70! Maana yake wewe hutarudi. Utazikwa Babeli. Watakaorudi ni wajukuu. Ni baada ya kuambiwa hivyo ndipo mateka wanasikia kwamba mawazo ya Mungu kwao ni ya amani.

Je, hapo andiko limepungua nguvu? Kwangu mimi limeongezeka. Zamani nililisoma kama ahadi ya kupandishwa cheo kabla ya Desemba. Sasa nikiwa na ndugu mgonjwa asiyeonekana kupona, au kijana aliyemaliza shule miaka sita iliyopita na kazi haijapatikana, nina neno la kumwambia ambalo halitamvunja mwakani: Mungu hakusahau watu wake hata pale alipowaambia wangoje muda mrefu kuliko maisha yao. Jenga nyumba. Panda bustani. Uombee mji. Hanania hana neno kama hilo.

Mzigo ule uliandikwa jina la mateka wa Babeli, nasi tumeupata kwa sababu umepita kwao. Paulo anatufundisha katika Warumi 15:4 kwamba yaliyoandikwa zamani yanatufundisha sisi, ili tuwe na tumaini. Lakini lazima tupite kwao kwanza. Ukiruka, unapata mzigo usio wako.

4. MANENO NAYO HUSAFIRI

Vijana wa kanisa, nisikilizeni hapa. Mkisikia "boda boda" mnaona pikipiki. Waulizeni wazee. Neno hilo lilizaliwa mpakani kwetu, Busia na Malaba, miaka ya 1960 na 1970, na halikuhusu pikipiki kabisa. Zilikuwa baiskeli zilizobeba watu na mizigo kuvusha kile kipande cha katikati ya vituo viwili vya mpaka, wenyewe wakiita wateja: boda, boda. Sasa ukiokota barua ya mwaka 1975 inayosema "nilivuka kwa boda boda", ukamchora babu yako juu ya pikipiki ya kisasa na helmeti, umekosea, ingawa neno ni lile lile.

Au chukua jina la nchi. Kabla ya mwaka 1902, eneo letu hili lote la magharibi lilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulikuwa mbali huko mashariki, karibu na Naivasha. Mwaka 1902 Waingereza wakausogeza. Kwa hiyo karatasi ya mwaka 1900 ikisema "Uganda", inaweza kuwa inamaanisha mahali uliposimama wewe Mkenya leo. Babu zetu hawakuhama. Mstari ndio ulihama.

Ndivyo ilivyo katika Biblia. Matendo 16:6 inasema Paulo alikatazwa na Roho kulihubiri Neno katika Asia. Nimewahi kusikia mtu akifundisha kwamba ndiyo sababu China na India zilichelewa kupata Injili. Lahasha! Asia ya Paulo ilikuwa jimbo moja la utawala wa Roma, katika nchi inayoitwa leo Uturuki. Efeso ilikuwa humo. Na ukisoma Matendo 19:10 utaona kwamba baadaye watu wote wa Asia hiyo walilisikia Neno. Roho alimzuia kwa wakati tu.

Chukua pia neno "talanta". Kwetu Kenya talanta ni kipaji: kuimba, kuchora, kupiga mpira. Kwa hiyo tukisoma Mathayo 25:14–30 tunasikia, "Wewe una kipaji gani?" Lakini alipolisema Bwana Yesu, talanta ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, kama Mathayo 20:2 inavyoonyesha. Piga hesabu ya hapa nyumbani. Tuseme kibarua analipwa shilingi 500 kwa siku. Talanta moja ni 500 mara 6,000, yaani shilingi milioni 3. Ni kazi ya miaka karibu ishirini, ukipumzika siku moja kila wiki.

Umeona jambo lililokuwa limefichika? Tumezoea kumhurumia yule mtumwa wa talanta moja kana kwamba alipewa kidogo. Hakupewa kidogo! Aliaminiwa utajiri ambao hajawahi kuushika maishani, akauchimbia chini kwa sababu alimdhania bwana wake kuwa mtu mgumu. Kutumia mfano huu kuhimiza vipaji si dhambi, maana kipaji nacho ni kitu tulichoaminiwa. Lakini usisahau uzito wa mfano wenyewe.

Ndiyo maana nawashauri msome tafsiri mbili. Union Version iliyochapishwa mwaka 1952 ni nzuri na tumekua nayo, lakini Kiswahili kimetembea tangu wakati huo. Iweke kando ya Biblia Habari Njema. Mwenye Biblia ya lugha ya nyumbani, Kiluhya au Kiteso, aifungue pia. Zikitofautiana, usikasirike. Pale zinapotofautiana ndipo pa kusimama na kuuliza.

5. KILA MAANDISHI YANA DESTURI YAKE

Hakuna mtu anayesoma kadi ya harusi kama anavyosoma risiti. Biblia nayo ina sheria, historia, nyimbo, mithali, unabii, Injili, nyaraka na maono.

Wahenga wetu walisema, "Haraka haraka haina baraka." Wahenga hao hao wakasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Je, walikuwa waongo? Hapana. Mwenye hekima anajua methali ipi inafaa wakati upi. Sasa soma Mithali 26:4 na 26:5. Mstari mmoja unakataza kumjibu mpumbavu kwa upumbavu wake, na ule unaofuata unaagiza umjibu! Mkejeli wa Biblia hucheka hapo. Mtoto wa Kiswahili haoni shida, maana amelelewa kwa methali.

Kwa sababu hiyo hiyo, Mithali 22:6, ile ya kumlea mtoto katika njia impasayo, tuichukue kama hekima na tusiigeuze kuwa mkataba. Kuna wazazi hapa kanisani waliolea vizuri, kwa maombi na machozi, na mtoto amepotelea kwenye pombe. Tusiwapige na mithali. Hata Yesu aliwatunza wanafunzi kumi na wawili, na mmoja akamsaliti.

Waraka wa tatu wa Yohana mstari wa 2 nao tumeufanya kuwa sheria ya utajiri. Lakini ni barua, na hapo bado mzee Yohana anamsalimu Gayo. Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa kuandika barua: salamu nyingi, natumai u mzima, halafu ndipo madhumuni ya barua. Salamu ni ya upendo, na Yohana alimwombea Gayo heri kwa kweli. Ila salamu ya rafiki haijawa hati ya kudai nyumba na gari.

6. JE, HII SI KUMZIMA ROHO?

Swali hili nimeulizwa, na ni swali zuri. "Mwalimu, sisi ni Wapentekoste. Roho Mtakatifu ndiye mwalimu wetu. Historia ya nini?"

Fungua Matendo 8. Yule Mkushi, mtunza hazina wa malkia wa Kushi, yuko garini anasoma Isaya 53. Nani aliyemwambia Filipo alisogelee gari? Ni Roho, mstari wa 29. Na swali alilouliza Mkushi ni lipi? Mstari wa 34: nabii anasema habari hizi juu ya nani, juu yake mwenyewe au mtu mwingine? Ni swali lile lile la mama wa mahindi! Filipo hakumwambia aache maswali apokee tu kwa imani. Alianzia kwenye andiko lile lile, akamhubiria Yesu. Mtu akaokoka, akabatizwa, akaenda zake akifurahi. Roho ndiye aliyepanga darasa lile.

Kumbuka kwamba Roho ndiye aliyewaongoza walioandika. Nikitafuta kujua aliwaambia nini wale wa kwanza, ninamheshimu yeye. Nikiyapa maneno yake maana ninayotaka mimi, hapo ndipo ninapomzima.

7. SI JAMBO DOGO

Msidhani haya ni mambo ya wasomi. Aprili 2023 nchi yetu ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na wengi walikuwa watoto. Ilielezwa kwamba watu walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Kesi ni ya mahakama na hukumu ni ya Mungu. Sitaki kuongeza neno juu ya mtu. Lakini ninajiuliza: wale kina mama walikuwa na Biblia mikononi. Laiti mmoja tu angepewa nafasi ya kuuliza bila kutishwa, "Hilo limeandikwa wapi, na mistari ya mbele inasema nini?"

Maana angekuta Isaya 58, ambapo Mungu anaieleza saumu anayoichagua kuwa ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Angekuta Matendo 27:33–37, ambapo watu 276 wako melini, siku kumi na nne hawajala, na Paulo mtumishi wa Mungu anawasihi wale, kwa ajili ya uzima wao, kisha anachukua mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaanza kula. Saumu ni njema na tutaendelea kufunga. Lakini mhubiri anayekataza kuulizwa swali, huyo mkimbie.

Nami najiweka humo humo. Sikumwambia mtu afunge mpaka afe. Ila nilimpa mama mjane wa mtoto wake maneno ya Bildadi, nikayaita maneno ya Mungu. Ukubwa wa kosa ni tofauti, njia yake ni moja.

8. TULIPOFIKIA

Ilituchukua wiki tano kumaliza kitabu cha Ayubu, jioni mbili kila wiki. Tulipofika 42:7 mama akasoma mwenyewe kwa sauti, akafunga Biblia kidogo, akasema, "Kwa hiyo Mungu hakukubaliana nao." Nikamwambia, "Hakukubaliana nao, Mama." Akanyamaza. Kisha akasema, "Miaka yote hii nilikuwa nahofia kwamba alikubali."

Hakuna muujiza wa pesa wa kushuhudia. Alilipa deni kidogo kidogo, na chama kikamvumilia. Bado anauza mahindi. Lakini alikuwa amebeba mzigo juu ya mtoto wake ambao hakuna aliyeujua, na mzigo huo aliutua siku ile, kwa kusoma sura nzima mpaka mwisho.

Basi wiki hii tufanye jambo moja. Chukua andiko moja unalolipenda, lile la ukutani au la kwenye simu yako. Soma sura yake yote, na ile iliyotangulia. Uliza yale maswali matano. Kama andiko lako ni la kweli, na mara nyingi utakuta ni la kweli, litarudi kwako likiwa na mizizi. Kama ni la Bildadi, liache kwa amani. Ahadi za Mungu ni nyingi, hatuna haja ya kuazima za watu aliowakemea.

Na ukimwombea mtu kwa andiko, muulize kwanza: unalipokea kwa jambo gani? Mimi nilishindwa kuuliza.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja andiko ambalo umelitumia miaka mingi bila kujua nani alilisema. Lisomeni sasa pamoja, sura nzima.

2. Soma Yeremia 28 na 29. Hanania na Yeremia wote walisema "Bwana asema". Watu wa siku ile wangewatofautisha vipi? Sisi leo je?

3. Soma Wafilipi 4:10–13. Paulo alikuwa kifungoni alipoandika. Mstari wa 11 na wa 12 unatuambia nini kuhusu "mambo yote" ya mstari wa 13?

4. Kuna mtu kikundini aliyeumizwa na andiko lililotumiwa vibaya? Msikilizeni kabla ya kumjibu. Marafiki wa Ayubu walikaa kimya siku saba (Ayubu 2:13), na hiyo ndiyo kazi yao bora katika kitabu kizima.

TUOMBE

Bwana, tusamehe sisi walimu tulipowapa watu wako maneno yasiyo yako. Utupe subira ya kusoma mpaka mwisho wa sura, na unyenyekevu wa kusema "sijui" tunapoulizwa. Waponye waliojeruhiwa na vinywa vyetu. Roho Mtakatifu, uliyemtuma Filipo kwenye lile gari, tutume na sisi kwa kila anayesoma asielewe. Katika jina la Yesu, amina.